Betri moja, mvua ya El Nino na Linux iliyokataa kulala: yaliyonipata Wusi

Wakuu wa jukwaa, wadogo kwa wakubwa, nawasalimu kwa amani.

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Lakini juzi kijana mmoja aliuliza namna ya kuifanya laptop yake ya Linux itumie betri kidogo, akajibiwa kwa mzaha kwamba hizo ni setting za watu wasio na kazi.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba setting hizo ziliwahi kubeba uhai wa mtu wa nyumbani kwangu.

Nitayaeleza kama yalivyokuwa. Umri wangu, na kazi niliyoifanya kanisani, haviniruhusu kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni, mvua ile ya El Nino. Nilikuwa nimestaafu ukarani kwenye shamba la mkonge kule chini, nikarudi kwetu Wusi, milima ya Taita. Kanisani nilikuwa katekista. Kanisa lilikuwa na zahanati ndogo, na kwa kuwa nilijua taipu, nikapewa ofisi yake: kadi za wagonjwa, stoo ya dawa, na redio.

Vijana, niwieni radhi nieleze hiyo redio, maana nyinyi mmezaliwa mkakuta simu mfukoni.

Redio iliunganishwa na modem, kisanduku cha kugeuza maandishi kuwa sauti, na modem ikaunganishwa na laptop kuukuu, ya zile zilizoitwa 486. Kwa njia hiyo tuliandika barua kwenye laptop, redio ikairusha hewani hadi Voi, ikapokewa na mashine ya Bwana Swaleh. Huyu alikuwa mwenye duka la vipuri vya magari, Mwislamu wa ukoo wa pwani, mtu wa utani mwingi na moyo mpana. Kutoka dukani kwake barua zetu zilikwenda Mombasa kwa simu. Majibu yalirudi njia hiyo hiyo.

Laptop ilikuwa na Linux. Fundi wa kujitolea aliyetuwekea alisema mfumo huu hauuzwi, kila kitu chake kiko wazi, na mtu mvumilivu anaweza kuusoma mpaka ndani. Alinifundisha amri chache, akaniambia nikikwama niandike man na jina la amri, mashine itanieleza yenyewe. Kisha akaenda zake Nairobi. Sikumwona tena, Mungu ambariki alipo.

Umeme wa gridi haukuwa umefika kwetu. Tulikuwa na paneli moja ya sola juu ya bati na betri moja kubwa ya lori, na inverter, kifaa cha kugeuza umeme huo uilishe laptop, maana betri ya laptop yenyewe ilishakufa zamani. Wakati wa jua hatukuwa na shida. Tuliacha mashine ikiwaka tangu asubuhi na hakuna aliyefikiria betri.

Ndipo mvua ikaja.

Waliokuwa hai wanakumbuka. Mlima ulikuwa ukilowa mpaka unaachia. Usiku tulisikia mngurumo, asubuhi tukakuta shamba la mtu limehamia kwa jirani. Barabara ya kushuka Mwatate ikakatika, pakabaki korongo jekundu. Nguzo za simu zikaenda na udongo. Na ukungu ukakaa juu ya Wusi kama kifuniko cha sufuria. Jua hatukuliona.

Sasa, wakuu, kiini cha habari yangu.

Mke wangu, Mama Wakesho, alikuwa na sukari, ile ya kudungwa insulini kila siku. Dawa yake ilikaa kwenye friji ya gesi ya zahanati pamoja na chanjo. Gari la dawa lilikuwa lije wiki ile barabara ilipokatika. Halikuja.

Nesi wetu, Mshai, aliinua kichupa dirishani akakitazama. Alikirudisha kwenye friji taratibu sana, kama anayelaza mtoto. Hapo ndipo hofu ilipoingia ndani yangu, na haikutoka mpaka mwisho wa habari hii.

Nilimwandikia Swaleh. Akanijibu siku hiyo hiyo: ombi limefika Mombasa, wameahidi kuipandisha dawa kwenye ndege ya msaada mpaka kiwanja cha Voi. "Nitakuarifu siku na mahali pa kukutana. Wewe iache mashine yako wazi tu, mzee wangu. Nami nina jenereta, na mafuta ni ya kubahatisha. Nitakapopata nitawasha na kukuandikia."

Iache mashine yako wazi tu. Maneno mepesi.

Najua mkuu mmoja atauliza hapo chini kwa nini nisingezungumza naye kwa mdomo. Swali zuri. Maikrofoni ya redio ilikatwa waya, waya huo ukaunganishwa na modem. Redio yetu haikuwa na mdomo tena, ilikuwa na barua tu.

Na kwa nini nisizime mashine, niwashe kwa saa maalumu? Kwa sababu sikuijua saa ya Swaleh, naye hakuijua. Modem yetu haikuwa na mahali pa kutunza barua. Laptop ikiwa imezimwa wakati barua inapigwa hewani, barua hiyo haina pa kuingia.

Kwa hiyo mashine ilitakiwa kukesha, na betri ilikuwa inaisha. Nilipima kwa mita. Kila asubuhi sindano ilikuwa imeshuka kidogo.

Nikaanza kusoma. Nilivaa miwani, nikaandika man, nikasoma Kiingereza cha mafundi kama nilivyokuwa nikisoma maandiko magumu katika chuo cha makatekista: sentensi moja, kituo, sentensi moja, kituo.

Kilichokula umeme kwanza ni skrini. Hiyo ilikuwa rahisi. Amri ya setterm, nikaiambia izime taa baada ya dakika moja bila kuguswa.

Cha pili ni disk. Disk za siku hizo zilikuwa na sahani inayozunguka ndani, ikilia kama nyuki mzingani. Kuna amri inaitwa hdparm, unaiambia disk: ukikaa muda huu bila kazi, acha kuzunguka. Nikaiweka. Nikangoja. Ikalia, ikapunguza, ikanyamaza.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Sijamaliza amina, krrr, ikaamka tena.

Ikanyamaza. Ikaamka. Siku nzima hivyo. Na kila kuamka kunakula umeme zaidi ya kuzunguka. Nililaza sikio juu ya mashine na kila mlio niliuhesabu, maana nilijua unatoka kwenye betri ile ile, na betri ile ndiyo ilibeba barua ya mke wangu.

Kumbe ndani ya Linux kuna karani mwenzangu. Anaitwa syslog. Kila kitu kinachotokea anakiandika, na hataki kungoja: anaandika mara moja kwenye disk. Nikasoma mpaka nikaona kwamba ukiweka kistari mbele ya jina la faili lake, unamruhusu asikimbilie disk kila mara. Nikaweka. Tena mfumo wenyewe huandika saa ambayo kila faili limesomwa. Yaani hata kusoma tu kunaandikwa! Hiyo nayo ina namna ya kuikataa, noatime. Nikaikataa. Kazi za cron zinazojiwasha zenyewe nikazisimamisha.

Hatimaye disk ikalala, ikalala kweli. Nilikaa pale mikono magotini nikisikiliza mvua tu juu ya bati. Mita ikaanza kushuka polepole kuliko jana.

Lakini kulikuwa na usingizi wa pili, na huo ndio ulionitisha.

Laptop zile zilikuwa na BIOS, programu ya chini inayoiamsha mashine, yenye mpango wake wa kulala, mbali na Linux. Ikiona umekaa kimya inalaza mashine yote, si skrini na disk peke yake. Mashine ikilala hivyo, modem inaweza kuita mpaka ikauke na hakuna anayesikia ndani. Nilizima mashine, nikaiwasha, nikaingia kwenye BIOS, nikaufuta mpango ule, nikahifadhi.

Tatizo: betri ndogo ya ndani, ile ya kukumbusha BIOS mambo yake, ilikuwa imechoka. Saa ya mashine ilikuwa inarudi nyuma miaka. Je, itakumbuka nilichokifuta?

Na hapa naomba wakuu mnielewe. Skrini ikiwa nyeusi na disk ikiwa kimya, kwa nje usingizi wa kwanza na wa pili vinafanana. Ukigusa kitufe uone, mashine inaamka. Na ikishaamka hujui ilikuwa imelala usingizi gani. Kuangalia kwenyewe kunafuta jibu.

Basi nikakaa mbele ya kioo cheusi. Nisipogusa sijui. Nikigusa sijui.

Siku ikapita bila barua. Ya pili ikapita.

Mama Wakesho alikuwa wodini, ukuta wa mbao tu kati yake na ofisi yangu. Mshai alikuwa amempunguzia dozi ili kichupa kifike mbali. Alianza kunywa maji bila kushiba, na pumzi yake ikawa na harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Wenye wagonjwa wa sukari wanaijua harufu hiyo, ni ya hatari.

"Baba Wakesho," aliniita mara moja nilipomchungulia. "Hiyo kompyuta inakupa chakula?"

"Kwa nini?"

"Maana hata uji hujanywa. Basi ikuoe."

Alicheka, midomo imekauka. Nami nikacheka ili asione hofu yangu. Nilirudi ofisini nikakaa tena mbele ya mashine.

Mshai akanifuata. Alikuwa binti wa jirani yangu, nimemfundisha katekisimu mwenyewe, kwa hiyo alinena kwa upole. "Mwalimu, siwezi kukuficha. Kichupa ni cha leo na kesho. Baada ya hapo sina la kufanya."

"Barua itakuja."

"Na kama imekuja ikakuta hiyo mashine imelala?"

Alikuwa amesema kwa mdomo kile nilichokuwa nakisema moyoni.

Wakuu, hofu ni mshauri mwenye haraka. Niliamua kwamba ni mimi niliyemfungia mke wangu mlango kwa ubahili wangu wa umeme. Nikaondoa kila kitu. Skrini nikaiambia isizime. Disk nikaiambia izunguke. Na bado sikuamini, nikawa nagusa kitufe kila mara, kama mtu anayemtikisa mgonjwa asisinzie. Sikutoka pale isipokuwa kwa haja.

Mita ikaanza kuanguka. Mbele ya macho yangu ilianguka. Umeme wote niliouhifadhi kwa subira niliumwaga kwa siku moja.

Na barua haikuja.

Hapo nilifikiri mambo mabaya. Nilifikiri ndege haikuruka. Nilifikiri Swaleh amesombwa na mto Voi, maana tulikuwa tumesikia mto umeingia mjini. Nilijaribu kusali zaburi ninazozijua tangu utoto na maneno hayakushikana. Mimi, niliyewafundisha watu kusali! Niliweza kusema "Bwana" tu, na kunyamaza, na "Bwana" tena.

Kesho yake, adhuhuri haijafika, wakaja kina mama wa kanisa kumwombea mgonjwa. Walikuwa wakija tangu siku alipolazwa, na khanga zao zimelowa, wanaacha viatu vyenye tope mlangoni. Kiongozi wao alikuwa Mama Mkamburi, mwanamke wa sauti na wa huruma, ambaye hata padri alikuwa anamwogopa kidogo.

Aliingia ofisini kwangu kwanza. Hakunisalimu. Alienda moja kwa moja kwenye redio, akakunja shingo kuitazama, akagusa kitufe cha mviringo kwa kidole.

"Mama Mkamburi, unafanya nini?"

"Mghosi, tunaanza sala." Mghosi kwa Kidawida ni mzee, ni heshima. "Nahakikisha tu haka kadude kamenyamaza."

"Kamenyamaza?"

"Si kalikuwa kanakoroma! Sisi tunaliita jina la Mungu na haka kanakoroma huku kama mlevi mtaroni. Mama Wakesho mwenyewe ndiye aliyesema, akaniambia, nenda ukakatulize, ni aibu. Nikakapunguza."

"Lini?"

"Hee! Tangu tulipokuja mara ya kwanza. Wewe ulikuwa umeenda kwenye friji na Mshai." Akaniona uso wangu. "Lakini sikukazima, Mghosi! Taa yake si hiyo inawaka? Mimi siharibu vitu vya watu."

Sasa nieleze, kwa wasiojua. Modem ile ilikuwa inasikia kwa njia ya spika ya redio. Sauti tunayoisikia sisi ikikoroma ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye modem. Ukipunguza sauti mpaka mwisho, redio inabaki imewaka, taa yake inabaki ya kijani, laptop inabaki macho, lakini modem ni kiziwi.

Huko kwetu, sala ikianza redio inapunguzwa. Si sheria ya mtu, ni adabu tu, watoto wanaijua kabla hawajajua kusoma. Ningekuwa mle ndani ningeipunguza mwenyewe bila kufikiri.

Na mimi, kwa nini sikuona kwamba mkoromo umekoma? Kwa sababu mvua juu ya bati ilikuwa inakoroma vilevile. Na kwa sababu sikio langu lilikuwa kwenye disk, jicho kwenye skrini, roho kwenye BIOS. Taa ndogo ya modem, ile inayowaka inaposikia sauti, ilikuwa imekufa kwa siku zote hizo, sentimita chache kutoka mkononi mwangu, na sikuitazama hata mara moja.

Nikakizungusha kile kitufe.

Shhhhhh. Ukajaa chumbani. Taa ya modem ikapepesa.

Sauti ya Mama Wakesho ikapenya ubaoni, hafifu. "Baba Wakesho, mbona kameanza tena?"

"Ni dawa yako hiyo inatafutwa."

Naye akajibu: "Basi kaache kakorome."

Mama Mkamburi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nilimwambia hana kosa, na nilimaanisha. Akatoka akawaambia wenzake, nikamsikia: "Leo tunasali kwa sauti kubwa, kadude kana kazi." Wakaimba mpaka ubao ukatetemeka.

Nami nikarudi kwenye amri zangu. Skrini, zima. Disk, lala. Nilizikumbuka zote. Lakini mita ilikuwa imefika mahali ambapo sijawahi kuiona, na kila kilichopungua nilikuwa nimekichoma mwenyewe bure. Nilikaa mbele ya kioo cheusi tena. Safari hii sikukigusa. Niliitazama taa ya modem.

Mchana ukapita. Kina mama wakaenda, wakabaki wawili. Mshai akaja akadunga kilichobaki. Akatikisa kichupa, akakiweka mfukoni mwa aproni badala ya frijini, nikaelewa kimekwisha.

Jioni ilikuwa inakaribia ndipo taa ya modem ikashika, ikakaza. Redio ikatoa ule mlio wake wa kukwaruza, barua ikiingia. Disk ikaamka, krrr, na safari hii mlio ule ulikuwa kama kengele ya Pasaka.

Na papo hapo inverter ikaanza kupiga kelele.

Wanaozijua inverter wanajua. Betri ikifika chini kabisa, inalia pii, pii, pii, kisha inakata bila kuuliza. Redio kila ikiijibu Voi kwamba imepokea kipande, inavuta umeme mwingi. Kipande, pii, kipande, pii. Nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi.

Nikagusa kitufe, skrini ikawaka, nikasoma:

"Mzee Mwadime, asalaam. Hii ni mara ya tatu nakuandikia, naona kimya, natumai ni heri. Dawa ya bibi imeshuka salama. Kesho asubuhi nitakuwa pale barabara ilipokatika, upande wa Mwatate, nina thamosi ya barafu. Barafu yenyewe haitazidi adhuhuri. Nisipoona mtu itanibidi niirudishe Voi isije ikaharibika, kisha tutazame jingine. Mpe pole sana mama."

Nikaanza kuandika jibu. Tunakuja. Neno moja tu, nikalituma, na sijui kama lilitoka, kwa maana papo hapo kioo kikawa cheusi. Redio ikakatika katikati ya mkoromo. Inverter ikanyamaza. Hakukuwa na setting ya kurudisha hapo. Betri ilikuwa imekufa.

Usiku ule siuelezi.

Kulipopambazuka nilishuka na jirani yangu Mwandoe, mwashi, mtu wa miguu mirefu. Nilimwambia atangulie akakataa, akasema tutafika wawili. Tope lilifika magotini. Mara mbili tulikwepa mahali ambapo mlima ulikuwa bado unatiririka mawe madogo, tik, tik, kama unafikiri. Niliogopa mlima, niliogopa saa, na zaidi niliogopa kwamba neno langu moja halikufika, na mtu mwenye akili timamu hawezi kutoka Voi na kutembea kwenye mvua ile kumwendea mtu aliyenyamaza mara tatu.

Tulifika ukingoni. Upande wa pili, ukungu. Hakuna mtu.

Mwandoe akapiga mbinja. Hakuna.

Tukangoja. Nilihesabu pumzi za mke wangu kichwani, sijui kwa nini, kama kwamba nikiacha kuzihesabu zitaacha.

Kisha ukungu ukasogea na tukamwona, ameketi juu ya jiwe, kanzu ameikunja mpaka kiunoni juu ya suruali, kofia yake ya kiua, ile ya kudariziwa, imelowa, na thamosi ameipakata kwa mikono yote miwili.

"Mzee wangu!" akaita. "Nilidhani nyinyi watu wa milimani hushuka kama mbuzi!"

Mwandoe alimtupia kamba. Tulivusha thamosi polepole, ikining'inia juu ya korongo lile, na nadhani hakuna aliyevuta pumzi mpaka ilipofika mikononi mwangu. Ilikuwa baridi. Nilibaki nimeikumbatia tu.

"Jibu langu lilifika?" nilimwuliza.

"Jibu gani? Nilipokwisha kukuandikia tu, jenereta ikakauka mafuta. Mashine yangu haijawaka tangu hapo. Sikujua hata kama umeisoma."

"Na ukaja?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Si nilikwambia nitakuja? Kwani ahadi nayo yataka betri?"

Niliinamisha uso juu ya thamosi. Aliniona, akageuza uso akajifanya anafunga viatu. "Haya, pandeni, pandeni. Barafu hainisikilizi mimi."

Mama Wakesho alidungwa siku hiyo hiyo. Ilichukua siku kadhaa maji kurudi mdomoni na akili kurudi machoni, lakini vyote vilirudi. Mungu akatuongezea miaka mingi, akawaona wajukuu wakiingia sekondari. Swaleh alipofariki, mimi na Mama Wakesho tulishuka Voi tukakaa matangani siku tatu kama watu wa nyumba.

Wakuu, nilichojifunza.

Setting zangu zilikuwa sahihi tangu mwanzo. BIOS ilikuwa imekumbuka. Niliipima baadaye jua liliporudi. Kilichokaribia kutuua ni hofu yangu, iliyonifanya nibomoe kilichokuwa kizima bila kwanza kutazama kila kiungo cha njia, kuanzia antena hadi meza. Kijana, ukihifadhi umeme, jua kwa hakika kifaa chako kinalala usingizi gani, na kipime kabla ya siku ya shida. Na kama mashine inabeba uhai wa mtu, waeleze watu wote wa nyumba hiyo inafanya nini na inasikia kwa wapi. Mimi nilielezwa na fundi, nikamweleza nesi. Sikumweleza Mama Mkamburi, ambaye alikuwa anaingia chumba kile kila siku.

La mwisho si la kompyuta. Nilimwomba Mungu anitunzie betri, hakunitunzia. Alinipa mtu aliyekaa juu ya jiwe. Nashukuru hata leo.

Nimeandika mengi, mnisamehe. Waliotumia Linux enzi za hdparm na apm, ule mfumo wa zamani wa kuilaza mashine, mlipimaje kama mashine imelala nusu au yote? Na nyinyi wa Voi, Mwatate, Bura na Mwanda mliokuwepo mvua ile, mlivukaje? Nitasoma kila mtakachoandika, polepole, miwani ikiniruhusu.